Taka za ghorofani zitenganishwe jikoni, si chini ya ngazi

Wapangaji wa majengo ya ghorofa hapa Mwanza tunapokutana kuzungumzia taka, mazungumzo huishia kwenye mapipa: yawe mangapi, ya rangi gani, na nani ayanunue. Kwa maoni yangu pipa ni jambo la pili. La kwanza ni kuhakikisha kwamba maganda ya ndizi, makoko ya ugali na matumbo ya samaki hayakutani kabisa na chupa, makaratasi na makopo, na hilo hufanyika jikoni kwa kila mpangaji, kwa kuwa zikifika chini ya ngazi zimekwisha kuchanganyika.

Sababu yangu ni ya soko kuliko ya usafi. Sehemu kubwa ya taka za nyumbani kwetu hutoka jikoni, nazo ni mbichi na nzito. Katoni iliyolowa mchuzi wa sato haina mnunuzi, na chupa ya maji iliyopakaa shombo la dagaa hupunjwa bei au hukataliwa kwenye mizani, ilhali ikiwa safi huuzwa kwa kilo. Waokota chupa hulazimika kupasua viroba ili wazipate, kisha tunawalaumu kwa uchafu unaosambaa, ingawa ni sisi tuliofungia riziki yao ndani ya uozo.

Katika mji wa vilima vya mawe kama huu, ambako gari la taka halifiki kila mahali, kinachoachwa mlimani husombwa na mvua hadi Mto Mirongo, nao hukatiza katikati ya mji na kumwaga ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwachunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza, ukathibitisha chembe za plastiki katika asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilitupunguzia kero moja, lakini chupa haikuzigusa.

Basi kila jiko liwe na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya mabaki ya chakula, na ndoo hiyo isilale, maana kwa joto letu nzi hawasubiri kesho. Mabaki hayo huweza kuchukuliwa na wafugaji wa nguruwe au kugeuzwa mboji kwa wenye bustani. Taka kavu zikusanywe kwenye salfeti mahali pasiponyeshewa, chini ya uangalizi wa mtu mmoja anayelipwa, awe mlinzi au mfanya usafi, na fedha za chupa ziwe zake. Kamati ikitaka mgawo, iandike kila kilo, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuzipa serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu, kwa hiyo ni halali kumuuliza mzabuni wa kuzoa taka, kabla ya kumlipa ada, kama gari lake litachanganya upya tulichokitenganisha. Akifanya hivyo, wapangaji hawatatenganisha tena.

Zitabaki nepi za watoto, taulo za kike na mifuko laini ya vitafunwa, ambazo kwa sasa hazina mnunuzi. Hizo ndizo zipelekwe dampo la Buhongwa.