Nilivyopiga hesabu ya diski za Blu-ray

Niseme mapema: diski ya Blu-ray, ile inayofanana na DVD ila picha yake ni kali zaidi, ikiwa mpya, muvi moja kwa pauni 15 za Uingereza, mimi siinunui. Ya mtumba naipokea kwa mikono miwili.

Naishi Dar, na nyumbani waliniuliza mara moja: ya nini kununua muvi wakati kijana wa kibandani anakujazia flashi kwa buku chache? Haki za wenye kazi zao tuziache kwa leo. Ila muvi ya flashi mara nyingi imeminywa hadi giga moja au mbili, wakati diski ya Blu-ray inabeba giga 25, na yenye tabaka mbili inabeba 50. Kwenye TV ya inchi 32 huenda usione tofauti, usijisumbue. Yangu ni inchi 55, na hapo giza ndilo linaloumbua. Tukio la usiku kwenye flashi linajaa mabaka ya mraba mraba, sura ya mtu inapotelea humo. Kwenye diski, usiku uleule, unaona mpaka mikunjo ya shati.

Mtandaoni picha ni nzuri, lakini Netflix kwa ubora wa HD inaweza kula giga 3 kwa saa. Muvi ya saa mbili, giga 6 za bando zimekwenda. Watoto wakitaka kuirudia kesho, na watataka, giga 6 nyingine. Kwa hiyo diski nanunua za muvi zinazorudiwa tu. Za kuangaliwa mara moja hazinihusu.

Mzigo unatoka kwa shemeji yangu aliyeko Leicester, Uingereza. Huko maduka ya mashirika ya hisani huziuza kwa pauni moja au mbili, naye akija anazipanga katikati ya nguo. DVD za Uingereza zilikuwa zinatusumbua, maana diski hufungwa kwa kanda za dunia, na deki ya kanda nyingine inazikataa: wao wako kanda 2 na sisi 5. Kwenye Blu-ray, Ulaya, Afrika na Uarabuni tumewekwa pamoja, kanda B, kwa hiyo deki yangu ya Kariakoo iliyotokea Dubai inazisoma bila ubishi. Za Marekani ni kanda A. Baadhi hazina kufuli, lakini hiyo ni kamari.

Kabla hajalipa nilimwelekeza: "Shem, igeuze, ipige tochi ya simu kwa ubavu." Data za Blu-ray zimekaa milimita 0.1 tu ndani ya upande unaosomwa, ndiyo maana wakaipaka utando mgumu. Vialama vyepesi havina shida. Mkwaruzo unaonasa ukucha, airudishe kwenye rafu.

Za 4K, zile za picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, nimeziacha kwanza. Hazina mambo ya kanda, raha kweli, lakini deki ya kawaida haizisomi, na shemeji anasema hata huko mtumba wake bado umeshika bei.