Eksi ya Mwaka 1822

Ilikuwa Jumanne ya muhula wa pili, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko ya saa nne, katika shule ya kutwa nje kidogo ya Kondele, Kisumu. Mada ya Kidato cha Pili ilikuwa kukomeshwa kwa biashara ya watumwa Afrika Mashariki, lakini shabaha yangu siku hiyo ilikuwa namna ya kuandika noti za somo. Nilikuwa nimekagua madaftari yao nikakuta imla tupu: kila neno nililotamka limeandikwa, hata "kama nilivyosema jana", halafu sentensi inakatika katikati kwa kuwa mkono umechoka.

Tulianza kwa kupiga mistari kwenye fulskapu. Mmoja wa wima, sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto. Mwingine wa kulala, sentimita 5 kutoka chini. Upande mpana wa kulia ni wa noti zenyewe. Safu nyembamba ya kushoto huachwa tupu hadi somo liishe, ndipo maswali yanaandikwa humo. Kisanduku cha chini ni cha muhtasari wa sentensi mbili tatu, zilizoandikwa sehemu ya juu ikiwa imefunikwa kwa kiganja. Mpango huu ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwenye daftari dogo apunguze safu ya kushoto hadi sentimita 4, la sivyo upande wa kulia unabana na maneno yanavuka mstari.

Ubaoni tukakubaliana vifupisho: Uing. ni Uingereza, Znz ni Zanzibar, bw ni biashara ya watumwa, mshale ni "ikasababisha", na eksi ni "marufuku". Nilisoma kila aya mara mbili. Mara ya kwanza kalamu chini. Mara ya pili waandike, maneno yasiyozidi saba kwa hoja, na mstari mmoja mtupu kati ya hoja na hoja. Kusikiliza bila kuandika huwaudhi wanafunzi, hasa walio hodari, lakini asiyejua aya inakoelekea atajuaje neno la kuacha?

Nikapita kati ya madawati. Binti mmoja wa dirishani alikuwa na ukurasa safi kuliko wote:

1822 × bw
1845 × bw
1873 × bw

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama 1822 walishakataza, hii ya 1873 walikuwa wanakataza nini tena?"

Nilitazama karatasi za jirani zake. Eksi zilezile. Kifupisho nilichowapa mimi kilikuwa kimemeza yambwa: marufuku ipo, kilichopigwa marufuku hakipo. Mwanafunzi akisoma hivyo usiku wa kuamkia mtihani ataandika kwamba utumwa uliisha mwaka 1822, wakati maelfu walikuwa bado wanapakiwa majahazini.

Nilifuta ubao, nikaweka kanuni moja: eksi haisimami peke yake. Baada yake andika nani amekatazwa, amekatazwa nini, na mpaka wapi. Kisha tukarudia mikataba mitatu polepole, na hapo ndipo muda wetu mwingi ulikwenda, kwa haki kabisa.

Mwaka 1822, Kapteni Moresby wa Uingereza na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar: × kuwauzia Wakristo watumwa. Mpaka wake ni mstari wa baharini kutoka Rasi ya Delgado, Msumbiji, hadi Diu, India. Kupeleka watu Uarabuni kuliendelea. Mwaka 1845, Hamerton, konsuli wa Uingereza Zanzibar, na Seyyid Said yuleyule: × kuwatoa Afrika Mashariki kwenda Uarabuni, kuanzia 1847. Ndani ya himaya ya Sultani, Kilwa hadi Lamu, jahazi lilipita bila kuvunja mkataba → mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakaendelea kupata watumwa. Mshale huo niliwataka wauchore kwa wino mwingine, maana unaeleza kwa nini mkataba wa tatu ulihitajika. Mwaka 1873, Sultani Barghash, baada ya shinikizo la Waingereza wawili, mjumbe Frere na konsuli Kirk: × kusafirisha kokote kwa bahari, na masoko ya hadhara yafungwe.

Kijana wa upande wa Mumias, ambako misafara ya pwani ilifika kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, kutafuta pembe za ndovu, aliona pengo mara moja. "Mwalimu, na njia za bara?" Nikamjibu kwamba Barghash alizipiga marufuku mwaka 1876. Kijana alikuwa ameshaacha mstari mtupu, kwa hiyo hoja ikapata pa kukaa bila kufutafuta.

Dakika tano za mwisho zilikuwa za safu ya kushoto. Wengi waliandika "Moresby ni nani?", swali la jina tu, lisilomsaidia mtu kufikiri. Niliwataka waanze na "kwa nini" au "nani aliachwa nje". Binti wa dirishani alikaa kimya, kisha pembeni mwa 1873 akaandika: "Kuuza ×. Kumiliki je?"

Nilisoma swali lile kwa sauti, nikawajibu kwa kutaja miaka miwili, 1897 na 1907. Kengele ilikuwa imeshalia. Binti alichora mshale kutoka 1873 hadi ukingo wa karatasi, akaandika: 1897, × hadhi ya utumwa kisheria, Znz; 1907, × hiyohiyo, pwani ya Kenya.