Nilivyompumzisha punda mwenye kidonda, na nyumbani tukala

Lamu mtu hatoi hata senti kumtibu punda wake. Kliniki ya The Donkey Sanctuary iko pale ufukoni, mji wa kale, tangu 1987. Ukimpeleka punda mwenye minyoo, kwato zilizoota vibaya au meno yanayomchoma mashavu, atahudumiwa na utarudi naye nyumbani. Shirika ni la Uingereza. Mama aliyelianzisha, Elisabeth Svendsen, alifika kwetu miaka ya themanini, akaiona hali ya punda wetu, na hakuishia kusikitika. Mungu amlipe kwa hilo. Lakini mimi nimekulia kwenye kazi ya punda, na najua kwa nini wengi wenye vidonda hawafikishwi pale: dawa ni bure, mapumziko si bure. Mwenye punda akiambiwa mnyama asibebe kitu mpaka ngozi ifunge, anachosikia ni kwamba jikoni hakutawashwa moto.

Punda wangu Tufani niliachiwa na ami yangu, ndugu wa baba, alipoanza kuugua miguu. Punda huyo alikuja na kidonda juu ya mabega, pale tandiko linapokalia, kipana kama kiganja, juu kimekauka na ndani kina usaha. Gatini, pale majahazi yanaposhusha mizigo, kila mtu alikuwa na dawa yake: majivu, oli chafu ya injini, hata betri iliyosagwa. Wengine wakasema muuze, nunua mwingine. Zamani hilo lilikuwa jambo jepesi. Tangu machinjio ya punda yafunguliwe bara mwaka 2016, kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa Uchina, punda alipanda bei Kenya nzima na wizi ukaenea. Serikali iliyapiga marufuku 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na mashirika ya kutetea punda hayakunyamaza mpaka Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Nawaambia wenzangu kila mara kwamba kazi ya mashirika haya si sindano na bandeji peke yake. Bila ya mapambano yale, sisi wabeba mizigo tungebaki na shogi tupu, yale makapu ya mizigo ya mgongoni mwa punda, bila punda wa kuyabeba.

Kliniki walimfunga Tufani kwa upole, wakanyoa manyoya kando ya kidonda, wakaosha, wakakata nyama iliyokufa. Walimchoma sindano ya maumivu na ya pepopunda, kwa sababu ugonjwa huo humpata punda kwa urahisi kupitia kidonda chenye uchafu. Nilishangaa alivyotulia. Daktari akanieleza kwamba punda haoneshi maumivu kama wanyama wengine, huyameza. Ukimwona ameinamisha kichwa na kuacha kula, ujue yamemfika shingoni. Tangu siku hiyo sipendi kusikia mtu akisema punda hana hisia.

Sharti likawa moja: mgongoni kusikae kitu.

Nilikwenda kwa binamu yangu, ambaye ana punda wawili na nguvu za kumsimamia mmoja tu. Tukakubaliana yule wa pili nimwendeshe mimi: natafuta kazi, napakia, napakua, na kila safari tunagawana nusu kwa nusu. Yeye alikuwa akipata kitu kwa punda aliyekuwa akirandaranda mitaani, mimi nikawa na nusu badala ya sifuri. Siku ambazo majahazi ya mawe ya ujenzi kutoka Manda Maweni hayakufika, nilibeba mizigo ya abiria gatini kwa mkono. Mke wangu aliongeza mahamri ya kuuza asubuhi. Pesa ilipungua, sikatai, lakini chungu hakikulala chali. Sharti la binamu lilikuwa punda wake asije akapata kidonda kama cha Tufani, na sharti hilo nililipenda.

Nyumbani Tufani alikaa uani, kivulini, pamoja na punda jike mzee wa ami. Hilo pia walilisisitiza pale kliniki: punda wenye urafiki usiwatenganishe, maana aliyebaki peke yake anaweza kugoma kula, na punda asiyekula huharibika ini haraka. Kila asubuhi niliosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, nikapaka dawa ya kufukuza nzi pembeni yake, si juu yake. Kukaa uani kulimwepusha pia na majalala. Punda wetu huachiwa usiku watembee, na wakila mifuko ya plastiki pamoja na maganda ya matunda, tumbo huziba. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, lakini nailoni za kila aina bado zipo majalalani, na kuna punda waliokufa kwa ajili yake.

Kazi kubwa hasa ilikuwa tandiko. Kidonda cha mgongoni kinatengenezwa na vitu, na ukimrudishia punda aliyepona vitu vilevile, umemrudishia kidonda. Tandiko la ami lilikuwa magunia ya nailoni yaliyokunjwa, juu yake shogi lililobana uti wa mgongo, na chini ya tumbo kamba nyembamba iliyokata kama kisu. Nililipeleka kwa fundi wa magodoro. Tulishona mito miwili mirefu ya kitambaa cha pamba, tukaijaza sufi, tukaiunganisha kwa mikanda miwili ili katikati ubaki mfereji. Mito inakaa juu ya mbavu, huku na huku, na uti wa mgongo haugusi kitu. Kamba ya tumboni tukaibadilisha kwa mkanda mpana wa pamba. Shogi nalo nililipunguza kina, kwa sababu shogi kubwa humshawishi mpakiaji alijaze.

Daktari alimpima Tufani kifuani kwa utepe, akakadiria kilo 150, akanishauri nisimpakie zaidi ya theluthi ya uzito wake. Hiyo ni kilo 50, mfuko mmoja wa saruji. Hapa mjini watu wamezoea kuona punda na miwili. Mafundi wa ujenzi walinuna, mmoja akahamia kwa mwingine. Waliobaki niliwaeleza kwamba bei yangu ni ya safari moja na mfuko mmoja, na kwamba punda wangu hatalala kitandani katikati ya kazi yao.

Ngozi ilifunga, manyoya meupe yakaota pale palipokuwa na kidonda. Nilianza kumpakia kidogo kidogo, na tandiko huliosha kila linaposhika chumvi ya jasho.

Sasa pale gatini tuna utaratibu. Punda wa mmoja wetu akipata kidonda, mwenyewe anapewa zamu ya kuendesha punda wa mwenzake kwa nusu ya malipo, na mgonjwa anakwenda kliniki siku hiyohiyo, kabla mtu hajamletea oli ya injini. Wiki iliyopita tumemwingiza kijana mmoja wa kijiji cha Matondoni. Fundi wa magodoro ameshachukua vipimo vya punda wake.