Mapinduzi ya China yalivyofika Makambako

Babu yangu alikuwa na beji nyekundu ya bati yenye uso wa Mao, kaibana kwenye koti lake zito la baridi. Kanisani aliingia nayo hivyo hivyo. Mapinduzi yenyewe, yale ya Beijing ya Oktoba 1949, hayakumshughulisha. Yeye na reli tu, ile ya TAZARA waliyoijenga Wachina.

Benki ya Dunia ilishakataa kuigharimia. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, shaba ya Zambia ikakosa njia ya uhakika, na China, maskini kama sisi, ikatoa mkopo usio na riba. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi! Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho: mahandaki, madaraja, tope. Babu, kibarua wa kokoto, alishangaa kuona wahandisi wa Kichina wakishika sururu. Kwa Mzungu hakuwahi kuliona hilo.

Habari za njaa iliyoua mamilioni ya Wachina, 1959 hadi 1961, nilimsimulia mimi, keshazeeka.

“Sasa ule wali wa kambini,” akauliza, “walikuwa wanamnyima nani?”