Mchicha wangu uliunguzwa na maji ya kisima, si kwa kukosa mbolea

Ushauri wa kulima mboga kwenye ndoo na magunia umejaa kila kona, na karibu wote unaanza na udongo. Changanya udongo mweusi na samadi, mwagilia asubuhi na jioni, kaa usubiri mboga. Kwa mtu wa Lushoto huenda unatosha. Kwa sisi wa Dar tunaotegemea maji ya kisima, ushauri huo umetutia hasara, na unaniudhi kwa sababu wanaoutoa hawaulizi swali la kwanza kabisa: unamwagilia maji gani?

Mimi ni mpangaji, Sinza. Uani kwetu kote kumepigwa pevingi, hakuna hata pa kuchimba kwa kijiko. Leo hapo hapo juu ya pevingi nachuma spinachi, mchicha, matembele, mnanaa, mchaichai na kotmiri. Gengeni naenda kwa ajili ya nyanya na vitunguu. Najivunia hilo, na sitaki mtu mwingine apite nilikopita kabla ya kufika hapa.

Ndoo nilizipata kwa mafundi rangi, zile za lita 20. Wengine walinipa bure, wengine elfu mbili, elfu tatu, ni maelewano tu. Magunia ya mchele yalikuwepo stoo. Udongo mweusi nikanunua kwa wauza miche wa barabarani, samadi kwa mfugaji wa kuku. Mchicha ukaota vizuri mno, ukafika urefu wa kidole, halafu ukasimama. Kingo za majani zikaanza kukauka, ukahawia ukianzia nchani na kuingia ndani taratibu. Mchana mmea unalegea kabisa, lakini ukitia kidole kwenye udongo, umelowa. Hicho ndicho kilichonitatiza kwa muda mrefu. Udongo umelowa, mmea una kiu.

Nikampelekea muuza miche jani moja. Hakulitazama hata kwa makini. “Dada, hapo ni mbolea tu. Mchicha wako una njaa, ongeza samadi ya kuku.” Nikaongeza. Kingo zikaungua zaidi na miche midogo ikafa. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akasema, “Mwanangu, tia majivu, hao ni wadudu wa mizizi.” Nikatia majivu. Bamia za ndoo ya pembeni zikapukutisha majani. Kwenye duka la pembejeo wakaniuzia mbolea ya chenga, kijiko kimoja kila ndoo, wakaniambia nitaona mabadiliko wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikawa nang'oa. Kila mmoja alizungumza kwa uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuona mimea yenyewe.

Jibu lilikuwa kwenye ukingo wa ndoo. Asubuhi moja nilikuwa nazisogeza nifagie, nikaona utepe mweupe umezunguka ndani ya ndoo, pale udongo unapokutana na plastiki. Nikadhani ni ukungu. Nikaukwangua kwa kucha, ukatoka kama unga mkavu, unang'aa kidogo juani. Nikaugusa kwa ulimi. Chumvi! Chumvi kali, yenye uchungu kwa mbali. Nikazunguka ndoo zote, na zote zilikuwa nayo. Kwenye magunia ilikuwa imetokeza nje kabisa, katikati ya nyuzi, mabaka meupe kuanzia chini hadi usawa wa goti.

Hapo nikafanya kitu ambacho namwomba kila anayeanza akifanye kabla hajanunua hata mbegu. Nilichukua sufuria mbili zinazofanana. Moja nikatia vikombe kadhaa vya maji ya kisima, nyingine kiasi kile kile cha maji ya bomba, haya yanayotoka Mto Ruvu. Nikachemsha zote mpaka zikakauka, moto mdogo mwishoni ili zisiungue. Sufuria ya bomba ilibaki na kivuli chepesi tu cha weupe. Ya kisima ilibaki na gamba. Nililikwangua kwa kijiko, na kijiko kikapata kitu cha kubeba. Kiasi hicho ndicho nilichokuwa nawatilia mchicha wangu asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, nikidhani nawanywesha.

Kwenye shamba la kawaida, mvua ya masika huishusha chumvi chini kuliko mizizi inakofika. Kwenye ndoo hakuna kwa kwenda. Maji yanatoka kupitia majani na yanakaushwa na jua, chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Ikishazidi kwenye udongo, inayashikilia maji kiasi kwamba mizizi inashindwa kuyavuta, ndiyo maana mmea unanyauka huku udongo umelowa. Na mbolea ya dukani nayo ni chumvi za aina yake. Samadi ya kuku, hasa mbichi, ina chumvi nyingi. Majivu pia. Kwa hiyo ushauri wote watatu niliopewa ulikuwa unaongeza ugonjwa ule ule.

Nikaanza kutafuta maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na yalikuwa karibu kuliko nilivyotarajia. La kwanza ni mvua. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kibaraza chetu kina bati la mita mbili kwa tatu, kwa hiyo mvua nzuri ya milimita 20 inanipa lita zipatazo 120, na Dar mvua ya namna hiyo wakati wa masika si ajabu. Maji ya kwanza nayaacha yapite, yanakuja na vumbi na vinyesi vya ndege. Yanayofuata naingiza kwenye pipa, na juu nafunga kipande cha chandarua kwa mpira, nakaza kisawasawa. Hilo msilipuuze. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotuama majumbani, na tunakumbuka dengi ilivyotusumbua Dar mwaka 2014 na 2019.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi: maji ya AC. Mzee wa nyumba ya pili ana AC ambayo bomba lake la maji lilikuwa linamwagikia uchochoroni usiku kucha. Nikaenda kumwomba.

“Shikamoo mzee. Naomba niwe naweka ndoo chini ya lile bomba la AC.”

“Marahaba mwanangu. Yachukue yote, yananiozeshea ukuta.”

Maji ya AC ni mvuke wa hewani uliopoa ukageuka matone, hayajapita ardhini, hayana chumvi. Na kwa unyevunyevu wa Dar, ndoo inaweza kujaa hadi asubuhi. Nayamwaga kwenye udongo tu, siyagusishi majani, kwa sababu yamepita kwenye vyuma na vumbi la mashine, na mboga lazima zioshwe kabla ya kuingia jikoni. Ndani ya majuma machache majani mapya yakaanza kutoka na kingo nzima. Nilimwita yule mama jirani aje aone, akasimama pale akishika jani moja moja. Sasa na yeye ana ndoo zake.

La tatu ni maji ya kuoshea mchele na mboga, ilimradi hayajatiwa chumvi wala sabuni. Maji ya kisima bado natumia siku za shida, lakini nusu kwa nusu na ya mvua.

Kuhusu kumwagilia: achana na habari ya kidogo kidogo asubuhi na jioni. Kwenye chombo, kunyunyiza kidogo ndiko kunakolimbikiza chumvi, kwa sababu hakuna tone linalotoka chini. Mwagilia udongo wa juu ukishakauka, na mwagilia mpaka maji yachuruzike chini kupitia matundu ya kitako, yatoke na chumvi yake. Sahani chini ya ndoo toa, la sivyo mmea utayanyonya tena yale yale. Ndoo iliyokwisha kuharibika inaokoka kwa kuoshwa: maji baridi mara mbili ya ujazo wake, yaani lita 40 kwa ndoo ya lita 20, polepole, yapite yote. Masika yakianza mimi nazipanga zote wazi, mvua inazifanyia kazi hiyo bila malipo.

Magunia ndiyo yanayoleta mboga nyingi, na hapa pana ufundi. Ukijaza gunia udongo mtupu, maji hayafiki chini, juu kunaoza na chini kunabaki vumbi. Tafuta kopo kubwa, likate kitako. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo pembeni mpaka usawa wa kopo, kisha livute juu taratibu. Kokoto zinabaki zimesimama. Rudia hivyo hivyo mpaka juu. Ukimaliza una nguzo ya kokoto katikati ya gunia, maji unamimina hapo na yanasambaa kila urefu. Ubavuni chana matundu na upandikize miche. Kibera, Nairobi, bustani hizi zilienea sana tangu mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowasaidia watu kuzianzisha, na mazao makuu yalikuwa sukuma wiki na spinachi. Liweke gunia mahali linapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Jua likilipiga siku nzima linachakaa, linaanza kumeguka nyuzi nyuzi, na zile nyuzi za plastiki sizitaki kwenye mboji yangu.

Udongo sinunui tena. Natumia ule ule uliooshwa, naurutubisha kwa mboji ya maganda ya jikoni na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi huwa wauza nazi wanayatupa, ila nayo yana chumvi, kwa hiyo loweka siku kadhaa huku ukibadilisha maji mpaka yaache kutoka ya kahawia. Yanafanya ndoo iwe nyepesi na yanashika maji vizuri.

Usipande kila kitu ukitegemea matokeo sawa. Spinachi hii yetu ya mashina manene ni ukoo mmoja na bitiruti, na jamii yake ya porini huota fukweni Ulaya, kwa hiyo chumvi kidogo haiitishi. Mchicha nao unajitahidi. Mnanaa unataka maji baridi matupu. Wala usinunue mche wake: nunua fungu sokoni, majani tia kwenye chai, vikonyo viwili vitatu simamisha kwenye glasi ya maji dirishani mpaka vitoe mizizi. Mchaichai vivyo hivyo, chagua wenye kitako kizima. Kotmiri ndiyo iliyonipa raha. Pakiti za mbegu za dukani huwa ghali kwa kilichomo, wakati giligilani ya viungo, ambayo ndiyo mbegu ya kotmiri, inaota ikiwa haijakaangwa. Kila punje ina mbegu mbili ndani, ipondeponde kidogo kwa chupa ipasuke, loweka usiku mmoja, panda moja kwa moja kwenye ndoo kwa sababu haipendi kuhamishwa. Panda kipupwe, Juni hadi Agosti. Joto la Januari linaifanya itoe maua kabla hujachuma.

Vidukari nawamaliza kwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulala kwenye maji, nachuja, natia sabuni ya kipande kidogo, napulizia jioni chini ya majani. Kuku wa majirani wamezuiwa na kipande cha wavu chakavu nilichopata kwa wavuvi pale Feri. Kila msimu naacha mchicha mmoja ulio bora kuliko wote ukomae, mbegu zake zinanitosha na za kugawa zinabaki.

Maharage mabichi nimeacha kuyamwagilia kisima kabisa, kwani hakuna mboga iliyoonyesha kuichukia chumvi kama hiyo. Anayeyataka apande mwezi wa tatu, mvua zikianza, na mpaka avune asiyape tone la kisima.