Siku Moja ya Askari wa Sufuria

Saa tisa usiku simu inalia, naizima kabla mwenzangu wa chumba hajaanza kulaani. Jeshini huandikwa 0300, lakini mimi na Texas yangu ya miaka miwili bado nahesabu saa za Mombasa.

"Askari wa sufuria" ni jina nililopewa na ami. Aliposikia nimeingia jeshi la Marekani, alijigamba barazani wiki nzima, hadi alipojua kazi yenyewe: 92G, mpishi. "Umevuka bahari ukakoroge uji?" Asichokijua ni kwamba kabla ya kushika mwiko nilimaliza wiki 10 za mafunzo ya awali, bunduki na matope, kama askari mwingine yeyote. Ndipo nikapelekwa Fort Lee, Virginia, jeshi linakofundishia wapishi wake.

Na uji nakoroga kweli. Saa kumi niko jikoni na sufuria ya uji mzito wa mahindi, wenyewe wanauita grits. Nyama ya nguruwe siionji, wenzangu wananionjea. Saa kumi na mbili na nusu milango inafunguliwa nami nasimama kwenye bamba la moto kukaanga mayai.

Kisha anakuja yule sajenti. Anataka kimanda cha ute mtupu, pilipili hoho na jibini, kitunguu hapana. Nampikia. Anakiinamia: "Mbona kuna njano?" Njano ni jibini aliloagiza mwenyewe. Naanza upya. Cha pili, eti kimekauka. Foleni imefika mlangoni, vijana wametoka mazoezini jasho linawachuruzika, kila mmoja na yai lake kichwani, bamba linafuka moshi na mgongo wangu umelowa. Cha tatu anakifunua kwa uma, anauliza kama kuna uyoga. Uyoga umekwisha. "Mayai tu yanakushinda?" Nyuma yake mtu akacheka. Nikajibu, "Sawa, Sajenti," nikavunja tabasamu kama ninavyovunja mayai. Cha nne alikula akasema hicho ndicho. Kilikuwa kile cha pili, nilikiweka kando nikakipasha moto.

Kusafisha, kisha chakula cha mchana. Kuku hatoki hadi kipimajoto kisome nyuzi 165 za Fahrenheit, yaani 74 zetu, nami naandika kwenye karatasi na kutia sahihi. Watu mia kadhaa wanapita. Sikumbuki uso hata mmoja.

Alasiri, miguu ikiwaka moto, naenda kufuatilia karo. Nasoma somo la gharama za chakula kwa mtandao, na jeshi hulipa hadi dola 250 kwa kila krediti, ila lazima ombi liidhinishwe kabla masomo hayajaanza. Muhula uliopita sahihi ya mkubwa mmoja ilichelewa siku mbili, nikalipa mfukoni mwangu. Safari hii nilisimama mlangoni pake mpaka akatia sahihi.

Kubwa zaidi ni GI Bill, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwalipia masomo waliotumikia jeshi. Nikitimiza miezi 36 ya utumishi, nitapata miezi 36 ya masomo kwa kiwango kamili, pamoja na posho ya nyumba. Chuo cha upishi nimeshakichagua: Culinary Institute of America, kule Hyde Park, New York. Kilianza mwaka 1946 mjini New Haven, kikifundisha askari waliorudi kutoka vitani, kwa hiyo sioni haya kubisha hodi. Kwa kifupi wanakiita CIA. Hilo ami simwambii, kesho yake atatangaza barazani kwamba nimekuwa jasusi.

Usiku, sijui saa ngapi, macho mazito juu ya kompyuta. Kazi ya nyumbani: chagua pishi la kwenu, piga hesabu ya gharama kwa kipande. Nampigia mama. Kwake kunakucha, karai liko motoni, nasikia mafuta yakichemka.

"Mama, kilo moja ya unga hutoa mahamri mangapi?"

"Hujalala wewe? Thelathini na mbili."

"Naandika 32."

"Andika thelathini, mwanangu. Mawili huliwa na jirani."

Kwenye kitabu cha darasa hiyo inaitwa hasara. Nikaandika 30.