Nyungunyungu wa Mpira na Bunju wa Tumbe

Ami alikifungua kisanduku changu mbele ya watu wote pale dikoni Tumbe, Pemba, akatoa chura. Chura wa mpira: mgongo kijani, tumbo jeupe, miguu ya nyuzi. Akamning'iniza kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na mwili.

"Hichi n'nini, mwanangu?"

"Chambo, ami."

"Cha nani?"

Wazee waliokuwa wakishona nyavu kivulini wakanyanyua vichwa. Nikaeleza kwamba huko Texas ninakoishi kuna samaki wa maji baridi anayemvamia chura juu ya maji. Ami akamrudisha chura kisandukuni, akafunika, akaenda kunawa mikono baharini. Hakusema neno. Afadhali angenicheka.

Samaki mwenyewe anaitwa bass. Nikimwandika "basi" mtakwenda kumngoja kituoni, kwa hiyo humu nitamwita besi. Wakenya wanamjua, yumo Ziwa Naivasha tangu alipopelekwa huko mwaka 1929. Ninayemsema mimi ni yule wa mdomo mkubwa, taya linapita nyuma ya jicho, mwili wa kijani na mstari mweusi ubavuni. Wamarekani wana wazimu naye. Kuna mashindano yake, kuna boti zake za bei ya nyumba, na kuna maduka ambayo ukuta mzima, chini hadi juu, umetundikwa chambo bandia tupu.

Kwenye ukuta kama huo ndipo nilipoibiwa mwaka wangu wa kwanza, na aliyeniibia ni tamaa yangu mwenyewe. Nilitoka na visamaki sita vya plastiki ngumu, vile vyenye kidomo bapa mbele kinachovifanya vizame na kutikisika ukivivuta, na kila kimoja kina ndoana mbili za meno matatu. Vizuri kama vito. Nikaenda navyo Lake Fork, mwendo wa saa moja na nusu mashariki ya Dallas. Ziwa lile ni bwawa. Mto ulizibwa mwaka 1980, maji yakapanda juu ya mashamba na misitu, na miti mingi ikaachwa imesimama makusudi ili samaki wapate maficho. Leo ukitazama unaona visiki vyeupe vimetokeza majini mpaka upeo wa macho, na visivyoonekana ni vingi zaidi. Meno kumi na mawili ya visamaki viwili yalikwishapata visiki vyake kabla sijanywa chai. Kufika adhuhuri nilikuwa nimebaki na kimoja, nikakitia mfukoni nisije nikakipoteza nacho. Nikakaa kwenye gati nikihesabu: dola kumi, dola kumi na mbili, dola tisa. Kwa Tumbe hiyo ni mchele wa nyumba kwa muda mrefu.

Rili, ile mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia, nayo ilinitia adabu. Nilikuwa nimeshawishiwa kuchukua ile ya gurudumu linalolala juu ya fimbo, wanayotumia mabingwa. Ukirusha, gurudumu linazunguka lenyewe, na usipolizuia kwa dole gumba chambo kinapogusa maji, linaendelea kutema mshipi usio na pa kwenda. Mara ya tatu kurusha nilipata kitu mfano wa kichwa cha mtoto asiyechanwa wiki nzima. Nikakata kwa kisu. Sasa natumia rili ya kawaida, ile inayoning'inia chini ya fimbo, na sioni haya.

Kilichoniokoa si kitu cha kununua. Mimi nimefundishwa kuvua kwa mshipi wa mkono, usiku, ndani ya ngalawa ya ami, kabla sijajua kusoma vizuri. Mshipi unapita juu ya kidole cha shahada, chubwi, kile kizito cha kuuzamisha mshipi, kiko chini mwambani, na huoni kitu. Kila habari inakuja kidoleni. Changu anadonoa, tik, tik, tik, kama anayebisha hodi kwa mtu anayemdai. Chewa habishi. Chewa anafungua mdomo, maji yanaingia, chambo kinaingia na maji, halafu anageuza kurudi pangoni. Unachosikia ni uzito tu, kama mshipi umelowa ghafla. Ukichelewa, ameshaingia jiweni, ametanua matamvua, na hapo mtavutana mpaka alfajiri.

Mwaka wa pili, pale pale Lake Fork, nikiwa nimetupa chambo cha mpira karibu na kisiki, nikausikia ule uzito. Hakuna kudonoa, hakuna kutikisa. Kidole kikavuta kabla kichwa hakijafikiri, na samaki akaja. Nilimtazama mdomo wake nikacheka peke yangu: huyu ni chewa! Chewa wa maji baridi. Anajificha, anangoja, anavuta maji kwa mdomo, anarudi kwenye maficho. Tofauti ni kwamba huyu ana kisiki badala ya jiwe, na chambo cha plastiki anakitema upesi sana akishagundua si nyama. Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza watu chambo gani kinavua zaidi. Mimi nataka chambo ninachoweza kukisikiliza. Vile visamaki vya kuvutwa mbio havina mazungumzo, vinatetemeka vyenyewe muda wote mpaka huwezi kujua nani amegusa.

Kwa hiyo asilimia kubwa ya kisanduku changu ni nyungunyungu wa mpira. Urefu wa kiganja na kidogo, laini kama sikio, wengine wamekandwa na chumvi ili samaki akiwaonja asikimbilie kuwatema. Pakiti dola tano au sita. Namna ya kuwafunga imepewa jina la jimbo lenyewe, Texas, na ni akili ya kimaskini hasa, ndiyo maana naipenda. Chubwi chenye umbo la risasi, kimetobolewa katikati, kinapita kwenye mshipi bila kufungwa. Cha gramu saba kinanitosha siku nyingi. Baada yake ndoana moja, yenye kipindo karibu na kitundu chake. Unaichoma kichwani mwa nyungunyungu, unaitoa baada ya nusu sentimita, unaivuta mpaka kichwa kikae kwenye kipindo, unaigeuza, halafu unairudisha ncha ndani ya tumbo la mpira pasipo kuitokeza. Hapo imejificha. Inapita juu ya matawi na magogo bila kunasa, na ikifika mdomoni mwa samaki, ukivuta kwa nguvu, inatoboa mpira na kutokea. Tazama lakini asikae amepinda. Nyungunyungu aliyepinda anazunguka kama pia, anausokota mshipi, na besi hamgusi.

Rangi sina ushabiki nazo. Maji yakiwa mang'avu, kijani cha boga chenye chembe nyeusi. Yakiwa ya matope baada ya mvua, nyeusi yenye buluu. Rangi ya waridi inayong'aa niliinunua mara moja, naiona aibu hadi leo.

Kwenye mshipi ndiko ninakotoa pesa bila kulalamika. Nailoni ya kawaida inanyumbuka. Ukiwa umetupa mita thelathini, samaki anagusa kule na habari inafika kwako imechoka. Ule wa kusukwa haunyumbuki hata kidogo, hata jani likigusa unajua. Ila unaonekana majini, kwa hiyo mbele naunganisha pima moja ya florokaboni, mshipi wa aina nyingine, ambayo inazama na haionekani kirahisi. Na hata nikiwa na fimbo ya mamia ya dola (sina, lakini nikiwa nayo), mshipi bado naupitisha juu ya kidole cha shahada. Rafiki yangu mmoja wa kule, Mmeksiko, alidhani nina jeraha.

Chura yule aliyemchafua ami ni wa kiangazi. Miezi ya joto majani yanafunika kingo za ziwa kama zulia, na ni chambo vichache vinavyopita juu yake bila kunasa. Naswali alfajiri kwenye gati, maji yakiwa bado hayana hata mkunjo, kisha namrusha juu ya majani namvuta kwa kumrusharusha, anasimama, anaruka, anasimama. Halafu pale alipo panapasuka. Shida ni kwamba ukivuta wakati huohuo unapoona maji yanaruka, unamnyang'anya samaki chakula mdomoni. Sharti ungoje kidogo, usikie uzito. Moyo unakwambia vuta, kidole kinakwambia bado. Nimekosa wengi kwa kuusikiliza moyo.

Basi, Tumbe. Ilikuwa Desemba, kaskazi imeshatulia, maji mafu. Ami alikubali tutoke na ngalawa, nadhani kwa kunionea huruma. Nikafunga nyungunyungu wangu wa kijani cha boga, nikamteremsha mwambani, pima nane hivi. Sikukaa dakika. Kitu kikagusa, si uzito, si kudonoa, ni kama mtu anakata karatasi. Nikapandisha. Nyungunyungu alikuwa amebaki kichwa tu, pamekatwa mviringo safi, ungedhani kwa mkasi. Nikatia mwingine. Vilevile. Wa tatu alipanda na mkataji mwenyewe, kanasa bahati mbaya pembeni mwa mdomo: bunju, keshavimba kama mpira wa miguu, meno nje, ananitazama.

Ami alicheka mpaka akaushika mlingoti.

"Mpira kwa mpira," akasema.

Nilimaliza pakiti nzima. Sikufikiria hilo kabla: besi hana meno ya kukata, ana msasa tu mdomoni, ndiyo maana unaweza kumshika taya kwa dole gumba. Mwambani kila mtu ana mkasi wake, bunju, kikande, na wengine wasiotaka kujulikana. Chambo laini kwao ni sadaka.

Wakati wa kurudi ami akafungua kifuko chake, akatoa chambo alichokitengeneza mwenyewe: ndoana moja kubwa, na nyuzi za kamba nyeupe ya nailoni zilizofumuliwa na kuchanwa hadi zikawa laini kama ndevu za mzee, zimefungwa kwenye shingo ya ndoana kwa uzi mwekundu. Gharama yake ni kipande cha kamba kilichotupwa. Akaanza kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya ngalawa, mshipi mkononi, tanga limeshika. Hatujafika mbali mkono wake ukavutwa nyuma. Kolekole, wa kilo tatu kwa kukisia. Hakuniambia kitu, alinitupia tu kile chambo kingine kilichofanana nacho, kikaangukia kwenye kisanduku changu katikati ya nyungunyungu.

Nilirudi nacho. Vuli iliyofuata, besi wanapofukuza makundi ya visamaki vinavyong'aa kama dagaa, nilikifunga Lake Fork nikakivuta wazi wazi, mbali na visiki. Besi mmoja alikichukua. Samaki mmoja hathibitishi kitu, najua, lakini nilimpigia ami simu nikiwa bado nimeloa mikono.

"Mkubwa?"

"Inchi kumi na tisa, ami."

"Umempika vipi?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoharibika. Pale Lake Fork besi wa inchi 16 hadi 24 hachukuliwi, sheria inataka arudishwe majini akue na azae. Wa chini ya hapo unaruhusiwa, watano kwa siku, na katika hao watano mmoja tu anaweza kuwa wa inchi 24 au zaidi. Nikamweleza. Kimya. Halafu akauliza, taratibu, bila kejeli: sasa ulimtoboa mdomo kwa ajili ya nini?

Sikuwa na jibu la haraka na sina mpaka leo. Sheria naiona ina maana, ziwa lile lisingekuwa na samaki lau si sheria, na sisi nyumbani tunajua juya, ule wavu wa kukokotwa, limetufanyia nini. Lakini swali la ami halikuwa la sheria. Alichouliza ni kuchezea kiumbe. Nilichofanya ni kidogo: nimeacha kabisa ndoana za meno matatu, kile kijino cha nyuma ya ncha ya ndoana nakibana kwa koleo ili itoke bila kuchana, na nikitoka kuvua natoka na nia ya kula. Wadogo wa inchi kumi na nne nawachukua, nawakaanga, au nawatia mchuzi wa nazi ya kopo, Mungu anisamehe. Nyama yao nyeupe, haina ladha kubwa. Pilipili na ndimu zinasaidia.

Nilimpoza ami kwa hadithi nyingine. Besi mkubwa kuliko wote waliopata kuandikwa Texas alitoka ziwa hilohilo mwaka 1992, kilo nane na robo, na mvuvi wake wala hakuwa akimtafuta besi. Alikuwa akivua samaki wadogo wa kitoweo, kwa kisamaki hai kwenye ndoana. Na Mjapani aliyeifikia rekodi ya dunia, iliyokuwa imekaa tangu 1932, alimpata wake Ziwa Biwa mwaka 2009, kilo kumi na kidogo, naye pia kwa samaki hai.

"Kwa hiyo wenye akili wanatumia samaki," akasema ami.

Wiki iliyopita amenitumia ujumbe wa sauti, anajua nakuja mwezi wa kumi na mbili. Upepo unavuma nyuma na jogoo mmoja anamkatiza. Anataka mshipi wa kusukwa wa ratili hamsini, mita mia tatu, "ule usionyumbuka". Ndoana za chuma kisichoshika kutu, saizi anaitaja mara mbili. Na vile vibati vidogo vinavyozunguka, mshipi usijisokote wakati wa kurambaza, dazeni mbili. Kisha jogoo, kisha ami tena: "Wale wadudu wako wa mpira waache hukohuko. Bunju wa huku wameshanenepa."